Bibi hakukosea: maana na asili ya "hamu na ghamu"

*Swali: Assalaam alaykum, Maalim. Bibi yangu mzaa mama amefariki hapa Lamu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika taarifa ya familia ya kuwapelekea jamaa walioko Mombasa, Malindi na ng'ambo. Niliandika kwamba ametuacha "na hamu na ghamu", kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe kila alipomtaja babu, tangu alipokaa eda yake mpaka mwisho wa umri wake. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili bara, alinipigia simu akaniambia niifute haraka, kwani hamu na ghamu ni furaha ya kungojea jambo, na mtu atadhani tulikuwa tukikingojea kifo chake. Nimeifuta, lakini sikuridhika. Baadaye nikakuta katika kasha lake daftari aliloliandika kwa hati za Kiarabu, na humo mna mistari miwili niliyoisoma hivi: "Moyo una hamu amu, tozi limekuwa damu." Sijui hiyo amu ni mji wetu wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, au ni kitu gani. Binamu yangu naye anasema ghamu ni neno la Kihindi, kwamba limo katika nyimbo za filamu na bibi alilitoa huko. Naomba unieleze maana na asili ya maneno haya, na uniambie niandike nini katika taarifa ya arubaini. Nakwambia kweli, tangu azikwe nahisi kifua kizito, na kila usiku naamka saa nane nisilale tena. Nimekutumia picha ya ukurasa.*

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako, ampe kauli thabiti, na awape subira nyote mliobaki. Nimeisoma barua yako kwa utulivu na kuitazama picha uliyoituma, na naona kwamba chini ya maswali yako yote kuna jambo moja linalokusumbua: unaogopa kwamba umemvunjia bibi heshima katika taarifa ya kifo chake, na unaogopa pia kwamba neno alilomlilia nalo mumewe miaka yote huenda alilitumia visivyo. Nianze kwa kukutoa hofu hiyo. Bibi hakukosea. Hamu ni huzuni, ghamu ni huzuni nzito zaidi, na kuyaunganisha maneno hayo mawili ili kuueleza msiba ni mapokeo ya zamani ya lugha hii, na ya lugha ambayo kwayo yametoka. Shemeji yako naye hakusema uongo, kwa kuwa leo watu wengi wakiyasikia maneno hayo pamoja hufahamu shauku ya kungojea jambo jema. Alipokosea ni pale aliposema kwamba hiyo ndiyo maana pekee.

Maneno yote mawili ni ya Kiarabu. La kwanza lina mzizi wa ha, mimu na mimu, na kiini cha mzizi huo si huzuni wala si shauku, bali ni jambo kuushika moyo na kuushughulisha, hata mwenye moyo huo asiweze kufikiri jingine. Kutokana na mzizi huo Waarabu wana hamm, yaani sumbuko linaloukalia moyo. Wana himma, yaani nia iliyokazwa. Na wana muhimm, yaani jambo linalostahili kumshughulisha mtu. Sisi tumeyachukua yote matatu, tukayapa irabu zetu yakawa hamu, hima na muhimu, kisha kutokana na hima tukajitengenezea kitenzi chetu himiza. Hao wote ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu anayewahimiza wanafunzi, kiongozi anayesema suala fulani ni muhimu, na mjane anayesema ana hamu, wote wanatumia mzizi mmoja bila kujua, na kila mmoja anataja kitu kilichoushika moyo wake kwa namna yake.

Ukitaka kuuona mzizi huu ukifanya kazi zake mbili, soma Sura ya Yusuf. Katika aya ya 24, mke wa mkubwa wa Misri alipomkusudia Nabii Yusuf, Qur'ani inasema "hammat bihi", na hapo kitenzi ni cha nia na matamanio. Ni mzizi ule ule unaotoa jina la sumbuko la moyo. Basi hata katika Kiarabu chenyewe, kutaka na kusononeka vilikuwa jirani tangu awali, na Waswahili waliolitumia neno hilo kwa shauku hawakulipotosha. Hili nalisema mapema kwa sababu wapo wapenzi wa lugha ambao, wakishajua kwamba asili ya hamu ni huzuni, huanza kuwasahihisha wenzao wanaosema "nina hamu ya embe". Hao pia wamekosea, upande wa pili.

Ghamu ina mzizi wa ghaini, mimu na mimu, na maana yake ya asili ni kufunika. Mawingu kwa Kiarabu huitwa ghamaam, kwa sababu hulifunika jua. Jambo lililofichikana lisilojulikana mwanzo wala mwisho huitwa ghumma. Wewe ni mtu wa Lamu, na bila shaka kila mwaka Shaabani ikikaribia kuisha umewasikia wazee wakibishana juu ya mwandamo, na umesikia ikitajwa hadithi isemayo "fa in ghumma alaykum", yaani mwezi ukifunikwa msiuone, basi kamilisheni hesabu ya siku 30. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa ghamu. Ghamu, kwa hiyo, ni huzuni ile inayomfunika mtu pande zote akawa haoni mbele, na ndiyo maana katika Qur'ani neno hili hujitokeza mahali penye mazito: Nabii Musa anakumbushwa jinsi alivyookolewa na ghamu baada ya kuua mtu, katika Sura ya 20, aya ya 40; na Nabii Yunus, aliyeomba akiwa ndani ya kiza, anajibiwa katika Sura ya 21, aya ya 88, kwamba aliokolewa na ghamu.

Mizizi yote miwili hukutana katika aya moja, nayo ni ya 154 ya Sura ya Aal Imran, inayozungumza juu ya Waislamu baada ya pigo la vita vya Uhud. Aya hiyo inaeleza kwamba baada ya ghamu waliteremshiwa utulivu, usingizi ukalichukua kundi moja miongoni mwao, na kundi la pili likabaki limeshughulishwa na nafsi zake. Na kitenzi kilichotumika kwa kundi hilo la pili ni "ahammat-hum", cha mzizi wa hamu. Huo ni mfano mzuri kuliko wowote ninaoujua wa tofauti ya maneno haya: ghamu ni kilichowafunika wote, hamu ni kilichowashika baadhi yao wakashindwa kupumzika.

Wanazuoni wengi huendelea kufafanua zaidi, wakasema kwamba huzuni ni kwa lililopita, hamu ni kwa linalokuja, na ghamu ni kwa lililopo sasa. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari yote matatu yametajwa kwa pamoja, pale Mtume, rehema na amani zimshukie, aliposema kwamba hakumpati Mwislamu uchovu wala maradhi, wala hamu wala huzuni, wala udhia wala ghamu, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Ni mgawanyo mzuri, na utakushawishi kusema kwamba bibi yako alipokuwa eda alikuwa na hamu ya maisha yanayokuja bila mume na ghamu ya siku ile ile. Lakini nakuomba usimbebeshe bibi mgawanyo huo. Kiswahili hakikuuchukua. Kwetu sisi, hata kwa wale waliosoma, hamu na ghamu katika msiba ni jozi, na jozi husemwa ili kukoleza.

Jozi yenyewe si ya kubuniwa na bibi wala na Waswahili. Waarabu husema "al-hamm wal-ghamm" kama sisi tusemavyo "shida na dhiki", kwa sababu maneno hayo yanafanana kwa sauti na yanakaribiana kwa maana. Washairi wetu wa visiwa vya Lamu na Pate, ambao tangu karne ya 18 wametuachia tenzi walizoziandika kwa hati za Kiarabu, wengi wao walikuwa watu wa elimu ya dini, na mshairi aliyezoea kuisikia jozi hiyo katika dua na mawaidha angeipata tayari ina vina. Kutoka kwa wanazuoni na washairi maneno haya yaliingia majumbani, katika vinywa vya wanawake waliosoma chuoni utotoni na waliosikiliza Maulidi na tenzi zikisomwa usiku, na huko ndiko, kwa dhana yangu, bibi yako alikoyapata.

Hapo sasa nimjibu binamu yako. Ni kweli kwamba "gham" imo katika nyimbo za filamu za Kihindi, na ni kweli kwamba maana yake huko ni huzuni. Mtu aliyekulia Lamu au Malindi akizitazama filamu hizo lazima ameisikia mara nyingi, mara nyingi ikiwekwa kinyume na "khushi", yaani furaha. Lakini Kihindi na Kiurdu hazikuizaa. Neno lilitoka Uarabuni likaingia Kiajemi, na kutoka Kiajemi likaingia lugha za Bara Hindi, wakati kwetu lilikuja kwa njia ya dini, elimu na biashara na Waarabu wenyewe. Ghamu ya Lamu na gham ya filamu ni binamu, kama mlivyo wewe na yeye, si mama na mtoto. Kuna faida moja ya kulinganisha, hata hivyo: katika Kiurdu neno hilo limebaki huzuni tupu mpaka leo, na hilo linatusaidia kuona kwamba mabadiliko yaliyotokea kwetu yametokea ndani ya Kiswahili.

Yametokeaje? Naomba hapa univumilie kidogo, kwa kuwa hili ndilo jambo lililowakosanisha wewe na shemeji yako, na halielezeki kwa neno moja. Fikiria jinsi mtu wa pwani anavyosema "nina hamu na mamangu". Ikiwa mama yuko Jeddah kwa mwanawe wa kwanza, maneno hayo yana maana kwamba anatamani kumwona. Ikiwa mama amefariki, maneno ni yale yale, herufi kwa herufi, na maana yake ni huzuni. Mwenye kufiwa ni mtu anayemtaka asiyepatikana. Kwa hiyo katika sentensi hiyo moja huzuni na shauku haziachani, na msikilizaji ndiye anayeamua, kwa kujua habari za mama, alifahamu lipi. Neno likishakuwa na sentensi za namna hiyo, huwa rahisi kulihamishia kwa vitu ambavyo havina huzuni ndani yake. Kwanza hamu na mtu aliyekufa, kisha hamu na mtu aliye mbali, kisha hamu ya kurudi nyumbani, kisha hamu ya samaki wa kupaka. Wakati huo huo lugha ilikuwa na majina mengine ya huzuni ya kutosha, hivyo hamu ilipozidi kwenda upande wa shauku hapakubaki pengo la kuirudisha.

Ghamu haikwenda nayo kwa miguu yake. Ilivutwa. Kwa watu wengi wa leo ghamu haitumiki peke yake. Hawasemi "amepata ghamu", wanaijua tu kama mkia wa hamu, na neno linaloishi kwa kufuatana na jingine hupoteza maana yake likabaki kukoleza. Atumiaye usemi "kwa udi na uvumba" hafikirii tena udi wala uvumba. Vivyo hivyo hamu ilipokwisha kuwa shauku, "hamu na ghamu" ikawa shauku kubwa, na ghamu ikawa haina kazi nyingine zaidi ya kusema "kubwa". Ushahidi wa jambo hili utauona kwa wale wanaosema na kuandika "hamu na hamumu": hao wamelibadilisha neno la pili kabisa, na maana ya usemi haikudhurika kwao, kwa sababu neno hilo kwao halikuwa na maana ya kudhuriwa. Wengine husema "gamu", kwa kuwa ghaini haimo katika lugha zao za kwanza. Hata hivyo ukifungua kamusi na kulitafuta ghamu lenyewe, utakuta limeelezwa kuwa ni huzuni au majonzi, na hiyo ndiyo hoja fupi ya kumpa shemeji yako, kwa adabu, akiuliza tena. Kwenye hamu, baadhi ya kamusi huziweka maana zote mbili bega kwa bega.

Kuna kipimo cha sarufi ambacho hunisaidia kuzitenga maana hizo katika maandishi. Hamu ya shauku karibu daima hudai kijalizo: hamu ya kitu, hamu ya kufanya jambo, "nina hamu ya kwenda Lamu wakati wa Maulidi". Hamu ya huzuni husimama peke yake, na mara nyingi hufuatana na vitenzi vinavyomfanya mtu apatwe, si atake: kuingiwa na hamu, kutiwa hamu, kushikwa na hamu. Ukisikia "ameingiwa na hamu tangu mwanawe apotee baharini", hakuna anayengoja kuambiwa hamu ya nini. Maneno uliyoyaandika wewe, "ametuacha na hamu na ghamu", hayakuwa na kijalizo na yalisimama chini ya habari ya kifo, kwa hiyo kwa kipimo hiki yalikuwa sahihi na hayakuweza kueleweka kwa furaha ila na msomaji aliyekuwa hajui kwamba maana nyingine ipo.

Sasa turudi kwenye daftari. Nimeikuza picha yako mpaka karatasi ikaanza kuonekana nyuzi. Neno lako la mwisho katika mstari wa kwanza linaanza kwa herufi yenye kichwa kilichofunguka, ambayo bila nukta ni aini na yenye nukta moja juu ni ghaini. Wewe umeisoma aini. Ingekuwa aini, neno lingekuwa amu ya Kiarabu, ambayo ni ndugu wa baba, yule tunayemwita ami. Na kwa jina la mji wa Amu mimi ningetarajia alifu mwanzoni, si herufi hiyo. Lakini juu ya kichwa hicho kuna alama ndogo iliyofifia, ambayo imegusana na mkia wa herufi iliyoshuka kutoka mstari wa juu, na ndiyo maana jicho lako liliihesabu kuwa sehemu ya mkia ule. Mimi naiona kuwa ni nukta. Mstari basi unasomeka "Moyo una hamu ghamu", na wa pili kama ulivyousoma, "tozi limekuwa damu", ambapo tozi ni chozi kwa Kiamu, yaani lahaja ya Lamu. Kila mstari una mizani nane, yaani silabi nane, kama ipasavyo katika utenzi, na "na" imeachwa ili mizani isizidi.

Lazima nikwambie pia kwamba mizani na vina haviwezi kutuamulia. Amu na ghamu zote zina silabi mbili na zote zinamalizikia kwa -amu, kwa hiyo shairi lingekubali lolote kati ya hayo mawili bila kuvunjika. Na wapo ambao wangeisoma "hamu, Amu", kama mtu anayeulilia mji akiwa ugenini. Kinachonielekeza kwenye ghamu ni ile nukta, ni jozi yenyewe ambayo wewe umeshuhudia kwamba alikuwa akiitamka, na ni ukweli kwamba mjane anayelia damu mjini kwake hana sababu ya kuutamani mji huo. Bado picha ni picha. Alama ya kutu au kinyesi cha mdudu huweza kufanana na nukta, na wino uliopauka huonekana vyema zaidi karatasi ikishikwa mkononi na kuinamishwa kwenye mwanga wa dirisha. Mtafute pale Lamu, Mkomani au Langoni, mzee wa kiume au wa kike aliyezoea kuzisoma tenzi kwa hati hizi, ukae naye mlisome daftari zima, si mistari hiyo miwili tu. Atazijua pia tabia za mwandiko wa bibi baada ya kurasa chache, kama alikuwa akiziacha nukta au la. Usiliweke daftari ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu wa pwani hushika humo, wala usizipitishie kalamu herufi zilizofifia. Watu wa makumbusho ya Lamu wanaweza kukuonyesha namna ya kulihifadhi.

Kuhusu taarifa ya arubaini, una njia tatu, na kila moja ina lake. Unaweza kurudisha "hamu na ghamu" kama ulivyoiandika mwanzo. Itakuwa sahihi, na wazee watakuelewa, lakini vijana wengi na jamaa wa bara watasoma kinyume, na taarifa ya msiba si mahali pa kumfundisha mtu historia ya neno. Unaweza kuyaacha maneno hayo kabisa ukatumia majonzi, simanzi au kihoro. Majonzi na simanzi ni salama na zinaeleweka kila mahali. Kihoro ni kali zaidi, ni huzuni ya kupotelewa inayomtikisa mtu, ndiyo maana husemwa kwamba fulani amekufa kihoro, na kwa bibi aliyefariki akiwa na umri wake na wajukuu wake ningeiona imezidi. Msiba usiutumie kwa hisia, kwa kuwa msiba ni lile tukio. Njia ya tatu, nami ningeifuata hiyo, ni kuitenga ghamu na hamu katika maelezo, ukaishikamanisha na huzuni ambayo haina utata, kisha ukawaachia jozi kamili wale wanaolisoma shairi. Andika hivi: "Familia ya marehemu, ambayo bado imo katika huzuni na ghamu ya kuondokewa na bibi yake, inawaarifu jamaa na marafiki kwamba hitma ya arubaini itasomwa," kisha utaje siku, saa na mahali. Juu yake weka mistari miwili ya bibi, ukisema wazi kwamba ni maneno yake mwenyewe aliyoyatunga kwa ajili ya babu. Msomaji aliyekwisha kuona chozi limekuwa damu hataidhania hamu hiyo kuwa furaha.

Neno la huzuni nimelitumia mara nyingi bila kulieleza, kwa sababu halina shida: ni huzn ya Kiarabu, nalo ndilo alilolitumia Nabii Yaaqub katika Sura ya Yusuf, aya ya 86, aliposema kwamba anamshtakia Mwenyezi Mungu peke yake masumbuko na huzuni yake. Tahadhari moja tu. Kwa herufi za Kirumi tumezifanya h tatu za Kiarabu kuwa moja, na hilo huwafanya watu waunde undugu usiokuwepo. Nimesikia ikisemwa mimbarini na katika taarabu kwamba huzuni na hazina ni neno moja; si kweli, hazina ni ya khe. Hamu na homa nazo hazina uhusiano, ingawa anayezipata zote mbili hukosa usingizi.

Na hapo nije kwenye kifua chako na saa nane zako za usiku. Mimi ni mtu wa lugha, si tabibu, lakini siwezi kueleza ghamu kurasa nzima kisha nikaipita yako. Wiki za mwanzo za msiba, kulala kwa vipande na kuhisi uzito kifuani huwapata watu wengi, na mara nyingi hupungua siku zinavyokwenda, hasa kwa mtu anayezungumza na wenzake. Usijizuie kulia kwa kudhani ni upungufu wa imani. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, na akasema kwamba jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, nasi hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Zungumza na mama yako, ambaye kwa upande wake amefiwa na mama. Usimfiche hali yako ukidhani unampunguzia.

Lakini yapo mambo ambayo hayafai kungojewa. Ukiona majuma yanapita na hupati chakula wala usingizi, kazi zako zimekushinda, au yanakujia mawazo kwamba ni heri usingekuwepo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uende na mtu unayemwamini. Kifua nacho, ikiwa uzito wake unakuja na maumivu, kubanwa pumzi au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, usikubali mtu yeyote akwambie ni huzuni tu kabla hujapimwa. Ukifika kwa daktari, mwelezee habari za kuamka saa nane na za kifua kama ulivyonieleza mimi, bila kupunguza kitu kwa kuona haya.